Kabla ya Kufungua Tangi, Waarifu Walio Jikoni

Siku ya mapumziko ndiyo siku ambayo baba mwenye gari huvaa nguo zake kuukuu, akakunja mikono ya shati, akajilaza kwenye gunia na kuingia uvunguni. Safu hii haina nia ya kumkataza. Mshahara una mahitaji mengi, na mtu anayejua kushika spana hana sababu ya kumlipa mwingine kwa kazi anayoiweza. Lakini ipo kazi moja ambayo huonekana ndogo kuliko zote, hata aghalabu huachiwa kijana wa nyumbani aifanye huku baba akitafuta vifaa vyake. Kazi hiyo ni kutoa petroli ndani ya tangi kabla ya matengenezo yenyewe kuanza.

Haja ya kufanya hivyo hutokea mara nyingi. Pengine tangi linavuja na halina budi kuteremshwa. Pengine pampu ya mafuta, ambayo katika magari mengi ya siku hizi hukaa ndani ya tangi lenyewe, imekufa na yatakiwa kubadilishwa. Pengine geji imekwama, au maji yameingia katika petroli, au mhudumu wa kituo amekosea akatia dizeli katika gari la petroli. Katika hali zote hizo fundi atakwambia neno lile lile: kwanza toa mafuta. Leo twataka kuzungumza juu ya neno hilo "kwanza", kwani kabla yake lipo jambo jingine la kwanza zaidi, nalo halihitaji spana wala jeki.

Nitaanza na habari iliyotukuta sisi wenyewe. Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa kijana nikiishi kwa kaka yangu mkubwa jijini Dar es Salaam, tangi la gari lake lilianza kuvuja. Kaka alikuwa mtu mwangalifu. Asubuhi ile alifungua waya wa betri, akaweka ndoo ya mchanga karibu, akamfukuza jirani aliyekuja na sigara mdomoni. Mimi nilipewa kazi ya kushika dumu. Tulikuwa upande wa juu wa ua, chini ya mwembe. Upande wa chini, hatua kama kumi na mbili kutoka tulipokuwa, nyuma ya ukuta mfupi wa bafu, shemeji yangu alikuwa akipika vitumbua kwenye jiko la mkaa. Hatukumwona, naye hakutuona. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba mambo hayo mawili yalihusiana.

Petroli ilikuwa ikitiririka vizuri dumuni. Baadhi ilinyunyizika chini, kidogo tu, nasi hatukuijali. Kisha niliona kitu ambacho sijakisahau hadi leo: moto haukuanzia kwetu. Ulitoka nyuma ya ukuta wa bafu, ukaja ukitambaa juu ya ardhi kuelekea kwetu, wa rangi ya samawati na mwepesi, kwa kasi ambayo mtu hawezi kuikimbia. Ulipofika dumuni nilikwisha kulitupa, na kwa kulitupa nilizidisha ubaya. Kaka aliungua miguu yote miwili na mkono wa kulia. Shemeji aliungua mguu. Mimi, niliyekuwa nimeshika dumu, niliungua nywele za mikono tu, na hilo limenisumbua zaidi kuliko kama ningeliungua.

Kaka alikaa hospitali kwa majuma mengi, na vidole vya mkono ule havikukunjika vizuri tena. Shemeji hakutulaumu hata siku moja. Alisema neno moja tu, siku alipokuja kumtazama mumewe wodini akichechemea: "Mngeniambia, ningeliwaomba mningoje. Vilikuwa vimebaki vitumbua kumi tu."

Sasa tujiulize, ndugu msomaji: ni kitu gani kilichotembea hatua kumi na mbili kutoka kwenye dumu mpaka kwenye jiko? Si petroli yenyewe, maana ardhi ya kati ilikuwa kavu. Kilichotembea ni mvuke wake.

Wengi wetu tunadhani kwamba petroli ndiyo inayowaka. Ukweli ni kwamba kinachowaka ni mvuke unaopanda kutoka juu ya petroli ukachanganyika na hewa. Mafuta ya taa hayatoi mvuke wa kutosha kushika moto mpaka yapate joto la kiasi cha nyuzi 38 za Sentigredi au zaidi, na dizeli huhitaji joto la zaidi ya nyuzi 50. Petroli haina subira hiyo. Hutoa mvuke wa kuwaka hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, baridi ambayo hata kileleni mwa Kilimanjaro haizoeleki. Katika ua wa nyumba ya Dar es Salaam, Mombasa au Tanga, basi, petroli iliyo wazi hutoa mvuke wakati wote, usiku na mchana.

Tena mvuke huo ni mzito. Uzito wake ni kiasi cha mara tatu hadi nne ya ule wa hewa, kwa hiyo haupandi juu kama moshi. Hushuka chini, hutambaa, hufuata mteremko kama maji yafuatavyo mfereji, na hutulia kwenye mashimo, mitaro na pembe zisizo na upepo. Hauonekani. Harufu yake twaizoea upesi tukadhani imetoweka. Nao hauhitaji kuwa mwingi: hewa ikiwa na mvuke wa petroli kiasi cha sehemu moja na nusu tu katika kila mia, cheche moja yatosha. Ndiyo sababu mtu aweza kuwa hana sigara, hana kiberiti, amefanya kila kitu ipasavyo mahali aliposimama, na bado akaunguzwa na jiko ambalo halioni.

Taifa letu limekwisha kulipa gharama kubwa kwa ajili ya mvuke huo. Tarehe 10 Agosti, 2019, eneo la Msamvu mjini Morogoro, lori lililobeba mafuta lilipinduka, na moto uliozuka ukawachukua watu zaidi ya 100. Miaka kumi kabla yake, tarehe 31 Januari, 2009, msiba wa namna hiyo hiyo ulitokea Sachangwan, nchini Kenya, nao pia uliua watu zaidi ya 100. Hatuzitaji habari hizi ili kuwalaumu marehemu. Twazitaja kwa sababu maumbile ya petroli ni yale yale, iwe imemwagika kutoka kwenye lori au imo katika dumu moja chini ya mwembe. Tofauti ni kiasi tu.

Basi, ikiwa kazi hii haina budi kufanywa nyumbani, ifanywe namna hii.

Kwanza kabisa, kabla ya kugusa kifuniko cha tangi, mwenye gari azunguke nyumba nzima na awaarifu watu wote kwa kinywa chake. Amwambie mkewe, awaambie wapangaji wenzake, amwambie mama wa jirani anayekaanga samaki kibarazani, amwambie na kijana anayepiga pasi ya mkaa. Asiwaamuru wazime, awaulize watamaliza saa ngapi, naye angoje. Saa nzuri ni ile kati ya chai ya asubuhi na upishi wa mchana, jua halijawa kali, upepo ukiwa unavuma. Na mkaa uliozimwa kwa kufunikwa usihesabiwe kuwa umezimika mpaka uwe umepoa kabisa. Watoto wapelekwe kwa jirani wa mbali, wasiwe watazamaji.

Pili, uchaguliwe mahali. Gari lisiwe ndani ya banda lenye kuta, wala juu ya shimo la kutengenezea magari, maana shimo hilo ndilo kisima cha mvuke. Liwe nje, mahali tambarare, na upande linakovumia upepo pasiwe na dirisha la jikoni, jenereta wala mashine ya kuchomelea. Injini iwe imepoa. Ni vyema pia kulitumia gari siku chache kabla mpaka petroli ibakie kidogo tangini, ingawa lisiachwe mpaka lizime lenyewe njiani, kwani hilo huidhuru pampu. Lita tano ni rahisi kuzitoa na kuzilinda kuliko lita arobaini. Lakini gari linalovuja lisiendeshwe hata hatua moja kwa ajili ya kupunguza mafuta.

Tatu, waya wa hasi wa betri ufunguliwe, na ufunguliwe kabla ya tangi, si baada yake, kwani cheche hutokea wakati wa kufungua na wakati wa kufunga. Hali kadhalika usirudishwe mpaka mafuta yote yamefunikwa na mvuke umepeperushwa. Katika gari lenye pampu ya umeme, mabomba ya mafuta hubaki na msukumo mkubwa hata baada ya injini kuzimwa. Ukilegeza bomba hilo, petroli itakurukia usoni. Fundi hutoa kwanza fyuzi ya pampu, akawasha injini ikazima yenyewe kwa kukosa mafuta, ndipo akafungua betri. Asiyeijua fyuzi hiyo asiguse mabomba. Taa ya balbu ya kuning'iniza uvunguni isitumiwe hata kidogo, maana balbu ya moto ikipasuka juu ya petroli ni sawa na kiberiti. Kazi ifanywe kwa mwanga wa jua.

Nne, chombo. Dumu la mafuta ya kula, ambalo sote tunalo nyumbani, halikutengenezwa kwa ajili ya petroli. Tumia debe la chuma lenye kifuniko imara au dumu lililotengenezwa mahsusi kwa petroli, nalo liwekwe chini juu ya ardhi, si kwenye sakafu ya gari la pikapu wala juu ya kiti. Petroli inapopita katika mpira na kuanguka kutoka juu huzaa umeme tuli, ule umeme mdogo unaokupiga ukivua sweta kavu, nao waweza kutoa cheche. Kwa sababu hiyo ncha ya mpira ifike ndani kabisa ya chombo, mafuta yaingie taratibu bila kurusha matone, na chombo kisijazwe mpaka mdomoni bali kiachiwe nafasi ya sehemu moja katika kumi, kwani petroli hutanuka kwa joto. Hesabu vyombo mapema: tangi la lita 45 halitaenea katika madumu mawili ya lita 20, na mtu anayetafuta dumu la tatu huku mafuta yanatiririka hana tena utulivu wa akili.

Tano, njia ya kutolea. Baadhi ya magari ya zamani yana skrubu ya kumwagia chini ya tangi, nayo yafaa ikiwa chombo kipana kimewekwa tayari chini yake. Vinginevyo tumia mpira wenye pampu ndogo ya mkono, unaouzwa katika maduka ya vipuri. Chombo kikiwa chini kuliko tangi, petroli ikishaanza kushuka itaendelea yenyewe. Magari mengi ya siku hizi yana wavu au kizuizi katika shingo ya tangi, hivyo mpira haupiti. Ukiona mpira unakataa, usiulazimishe wala usitoboe kitu. Hapo kazi ya nyumbani imekwisha, mwite fundi mwenye vifaa.

Nasi tunaijua njia moja ambayo hatujaitaja, ile ya kunyonya kwa mdomo. Wengi tuliijifunza katika miaka ya 1970 na 1980, petroli ilipokuwa adimu na mtu akimkopesha mwenzake lita mbili kutoka tangini mwake. Tuiache. Petroli ni nyepesi; ikiingia kinywani hukimbilia mapafuni kabla mtu hajatema, na kiasi cha kijiko kimoja kikifika mapafuni chaweza kuleta uvimbe wa kuua. Ni kweli kwamba petroli yenye risasi iliachwa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara mwanzoni mwa mwaka 2006, lakini petroli isiyo na risasi ingali na benzini, kemikali inayosababisha kansa ya damu. Ikiwa mtu ameimeza, asitapishwe, wala asilazimishwe kunywa maziwa, kwani kutapika ndiko kunakoipeleka mapafuni. Apelekwe hospitali hima, hata kama anasema hajambo.

Petroli ikishatoka, wengi huona hatari imepita. Kumbe tangi tupu ndilo baya zaidi. Tangi lililojaa halina nafasi ya hewa, lakini lililomwagwa limebaki na mvuke pamoja na hewa, mchanganyiko ule ule unaolipuka. Usichungulie ndani kwa kiberiti. Usilipeleke kwa mchomeleaji wa kando ya barabara kwa kuwa tu umelisuuza kwa maji na sabuni. Petroli hujificha katika maungio na kutu, na joto la kuchomelea huitoa. Mafundi wamekufa kwa matangi waliyoapa kwamba ni makavu. Tangi la kuchomelewa ni la karakana yenye vifaa vya kulisafisha na kupima mvuke, na mara nyingi tangi jingine ni nafuu kuliko matibabu.

Na mafuta yaliyotolewa yaende wapi? Ikiwa ni safi, yafunikwe, yawekwe nje ya nyumba mahali pa kivuli penye kufuli, kisha yarudishwe garini siku hiyo hiyo kupitia faneli yenye chujio. Yasilale chini ya kitanda wala stoo ya jikoni. Yasitiwe katika chupa ya soda au ya maji hata kwa dakika moja, kwani mtoto mwenye kiu hasomi harufu. Wala yasichanganywe na mafuta ya taa kwa nia ya kubana matumizi: petroli kidogo tu ndani ya kibatari au jiko la utambi hukigeuza chombo hicho kuwa bomu.

Ikiwa yameharibika kwa maji au dizeli, yapelekwe kwenye karakana inayopokea mafuta machafu. Yasimwagwe mtaroni. Petroli huelea juu ya maji, na mvuke wake husafiri katika mifereji mpaka mitaa ya mbali. Mjini Guadalajara, nchini Mexico, petroli iliyovujia katika mabomba ya maji machafu ililipuka tarehe 22 Aprili, 1992, ikabomoa barabara na kuua watu zaidi ya 200 ambao hawakuwa wamegusa hata tone.

Na ikitokea bahati mbaya moto ukawaka? Usiumwagie maji, kwani petroli itaelea juu yake na kuusambaza. Mchanga mkavu au mtungi wa unga wa kuzimia moto ndiyo dawa ya moto mdogo; moto mkubwa waachie wenye kazi yao, piga simu Zimamoto kwa namba 114, nawe okoa watu, si gari. Mwenye nguo zinazowaka asikimbie; alale chini, abingirike, afunikwe blanketi zito. Mahali palipoungua pamwagiliwe maji safi ya baridi kwa muda wa dakika 20, pasipakwe dawa ya meno, mafuta wala unga, kisha apelekwe hospitali. Nguo iliyolowa petroli ivuliwe mara moja, mbali na moto, na ngozi ioshwe kwa maji mengi.

Ndugu msomaji, orodha hii ni ndefu, na yumkini utasahau nusu yake. Ukisahau yote, usisahau ile ya kwanza. Sisi wanaume tuna tabia ya kuona gari kuwa ni mambo yetu na jiko kuwa ni mambo yao, kana kwamba ukuta wa bafu wakata ua kuwa nchi mbili. Mvuke wa petroli hauujui mpaka huo. Kaka yangu alijua habari za betri, alijua habari za mchanga, alijua habari za sigara. Hakuwa mjinga wala mzembe. Alikosa jambo moja tu, kutembea hatua kumi na mbili akasema, "Mke wangu, nataka kufungua tangi, umebakiza vingapi?"

Ni mzee sasa. Akitaka kufungua boneti tu, hata kama ni kutazama maji, huenda kwanza mpaka mlango wa jikoni akabisha hodi. Wajukuu humcheka. Shemeji hawacheki.

Juma lijalo, panapo majaliwa, tutazungumza juu ya kulinyanyua gari kwa jeki na sababu za kutolitegemea jeki peke yake. Hadi hapo, twawatakieni mapumziko mema na mikono mizima.